Mke wa Mchora Mishale

Mdogo wangu Lucette hakuwahi kupenda baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi, kila Juni, watu wa chama cha baiskeli wakishasimama na glasi zao mkononi humsifu kana kwamba alizaliwa juu ya siti ya baiskeli. Alipanda mara ya mwisho akiwa msichana, akaangukia rundo la samadi mbele ya zizi la kina Jacquemin, na baiskeli ya watu akairudisha kwa kuisukuma. Aliyempenda ni Firmin. Baiskeli ilikuja pamoja na Firmin, kama mume mwingine anavyokuja na mama yake.

Kijiji chetu, Saint-Lothin, kimekaa juu ya ukingo, na ziwa liko chini, refu na jembamba, limejikunja katikati ya misonobari. Wageni hulipiga picha wakidhani lipo tangu enzi na enzi. Sisi tulikuwapo lilipokuja. Mwaka wa 1968 mto ulizibwa kwa ukuta wa zege ili upatikane umeme, maji yakapanda taratibu kama maziwa kwenye sufuria, yakafunika mashamba, kinu, kanisa dogo na kijiji kizima cha Cherlay. Firmin Grandclément alizaliwa Cherlay. Nyumba ya mama yake ililipuliwa kwa baruti kabla maji hayajafika, maana wakubwa hawakutaka mapaa yatokeze kila kiangazi maji yakipungua. Siku ya kulipua, Firmin alikwenda kazini kama kawaida. Alikuwa fundi wa kukereza mbao, akitengeneza kete za sataranji, farasi na wafalme, na wenzake walisema siku ile alitoa farasi wengi kuliko siku yoyote, wote wazuri.

Lucette alikuwa mkewe tayari. Hawakujaliwa mtoto. Yeye alikuwa mpishi wa shule yetu, kwa hiyo nusu ya watu wa huku wamekulia kwenye viazi vyake, na hadi leo wapo wazee wenye mvi wanaomwogopa kwa sababu aliwahi kuwaambia wamalize karoti.

Chama cha baiskeli Firmin alikianzisha yeye na wakereza mbao wenzake, Jumapili moja walipochoka kukaa baa. Hawakuwa watu wa mashindano. Ukimwambia Firmin neno mashindano alikuangalia kama umetema mate mezani. Wao walikuwa watu wa kutembea kwa baiskeli, begi la chakula mbele ya usukani, wakisimama kila penye chemchemi. Kutokana na matembezi yao ikazaliwa siku kubwa ya kijiji chetu, Mzunguko wa Ziwa. Watu wanatoka Lyon, Dijon, hata Geneva. Wanaondoka asubuhi uwanjani kwetu, wanapita malisho ya ng'ombe, wanateremka hadi ukuta wa bwawa, wanapanda ng'ambo ya pili kwenye msitu, kisha wanarudi kwa barabara ya ukingoni huku ziwa likionekana chini muda wote.

Na anayewaongoza ni mishale. Hilo ndilo jambo la Firmin. Kabla ya Mzunguko alipita njia nzima na ndoo ya chokaa na kibao cha bati kilichotobolewa umbo la mshale, akichora chini, kwenye lami yenyewe. Vyama vingine huchora mshale mmoja kwenye njia panda, basi. Firmin alichora mitatu. Wa kwanza kabla ya njia panda, ujiandae. Wa pili penyewe, ugeuke. Wa tatu mbele kidogo, baada ya kona, kukwambia umekwenda sawa, usiwe na wasiwasi. Watu waliupenda huo wa tatu. Walisema kwenye Mzunguko wa Saint-Lothin unaweza kuisahau ramani mfukoni ukaangalia maji. Na ikitokea amekosea, jambo ambalo lilitokea mara chache sana, alikuwa na kopo dogo la rangi nyeusi. Aliupiga msalaba mweusi mshale mbaya, akachora mwingine.

Alipovuka miaka sabini na mitano, akaanza kupotea.

Si kupotea njiani. Kupotea jikoni. Aliweka kahawa ndani ya oveni. Alimuuliza Lucette mama yake amelala wapi. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye karakana yake na kipande cha mbao mkononi, akaniambia, shemeji, nisaidie, hiki nilitaka kiwe nini. Nilimwambia askofu. Akacheka, akasema askofu hana haraka, akakiweka chini. Lucette alimpeleka kwa daktari wa Lons, daktari akatumia neno refu, na Lucette akaja nalo kwangu limekunjwa ndani ya leso kama kitu cha aibu. Akaniapisha. Nisimwambie mtu.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na alikisema waziwazi tukiwa tunamenya maharage barazani kwangu. Alitaka Firmin azikwe akiwa bado ndiye mchora mishale. Wasije wakamnyang'anya brashi mbele za watu, wakampa cheti na saa ya ukutani, kisha akae dirishani akiwaangalia wengine. Mambo mengine yote, alisema, yataondoka moja moja na yeye atayapokea. Hilo hapana.

Nilimwambia ni hatari. Akasema yeye ndiye atakayeendesha gari.

Na kweli aliendesha. Walikuwa na gari la zamani lenye mlango wa kusukuma pembeni. Lucette alikwenda mwendo wa konokono, Firmin amekaa nyuma kwenye kigoda na ndoo yake katikati ya magoti. Kila panapohitaji mshale Lucette alisimamisha gari, akasema kulia au kushoto, Firmin akashuka, akalaza kibao, akapaka, akapanda. Mkono wake ulikuwa bado na akili yake yote. Miaka miwili walifanya hivyo na hakuna aliyegundua kwamba njia iko kichwani kwa mke. Watu waliokutana nao barabarani walipunga mkono, wakasema angalieni mapenzi ya wazee.

Mwaka wa tatu chama kilikuwa na mwenyekiti mpya, Séverine, yule anayeuza jibini kwenye ushirika wa maziwa. Mtoto wa mkereza mbao mwenzake Firmin. Firmin ndiye aliyemfundisha kupanda, akimkimbilia nyuma ameshika siti. Alikuja jikoni kwa Lucette jioni moja mwezi Mei, nami nilikuwepo. Alizunguka sana kwa maneno, akala keki, akasifu keki, mwishowe akasema.

"Bi Lucette, naomba jambo moja. Jumapili alfajiri nimtume mtu atangulie kwa baiskeli, aitazame mishale kabla hatujawaachia watu. Vyama vyote siku hizi vinafanya hivyo."

"Tangu lini Firmin anakaguliwa?"

"Sikusema anakaguliwa."

"Umesema. Umesema kwa adabu, lakini umesema. Karoti zangu ulikuwa unazificha hivyo hivyo, chini ya mkate."

Firmin alikuwa mezani anasafisha kibao chake kwa kisu, anakwangua chokaa ya mwaka uliopita. Hakuinua uso. "Mwache mtoto, Lucette," alisema. "Amtume tu. Ila amtume mwepesi. Mzito atanikanyagia rangi kabla haijakauka."

Tulicheka wote, Séverine zaidi yetu. Ndiye Firmin yuleyule wa zamani. Nilimwona Séverine mabega yanashuka. Alikuwa amesikia uvumi, na sasa akaona ni uongo. Aliomba radhi, akambusu mzee mashavuni, akaenda zake bila kurudia habari ya mtu wa kutangulia. Mlango ulipofungwa Firmin aliniuliza yule msichana ni wa nani.

Mishale ilichorwa Alhamisi, nami nikaenda nao, maana mgongo wa Lucette ulikuwa unamsumbua na ndoo ni nzito. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Msalaba wa Fays. Hapo kuna msalaba wa jiwe na njia inagawanyika. Kulia ni barabara ya ukingoni, ndiyo njia ya Mzunguko. Kushoto ni barabara ya zamani ya Cherlay. Inateremka kwa kasi msituni, lami yake bado nzima, inapinda mara moja, kisha inaingia ziwani, moja kwa moja, kama vile haijaambiwa habari. Vijana huteremshia mitumbwi yao hapo. Firmin alishuka na kibao chake akasimama akiangalia kushoto. Alisimama mpaka chokaa ikaanza kudondoka kwenye brashi. Lucette akatoa kichwa dirishani.

"Kulia, Firmin."

"Kulia kuna nini?"

"Kuna chakula. Dada Raymonde huyu na mimi tutakuwa huko na meza."

Akachora kulia. Mishale mitatu. Niliiona kwa macho yangu, na ilikuwa sawa.

Jumamosi tulikuwa jikoni kwangu tangu asubuhi, tunakata soseji za kukausha, tunaoka keki za matunda. Firmin alisema anakwenda kunyoosha miguu na baiskeli. Alifanya hivyo kila siku na kila siku alirudi. Baiskeli yenyewe ilimjua, na hakuwa akienda mbali. Alirudi wakati wa chakula cha mchana akiwa na furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo siku nyingi, na vidole vyake vilikuwa na weusi. Lucette alimwambia ameshika mnyororo tena. Akamkalisha, akamsugua vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya taa, kama mtoto. Yeye akawa anapiga mluzi.

Jumapili kulikuwa na ukungu. Ziwa lina tabia hiyo mwanzo wa kiangazi. Asubuhi linajifunika, huoni hata ncha za misonobari, halafu saa nne jua linalifunua. Wapanda baiskeli waliondoka uwanjani kwa makundi, taa zimewashwa, wakitaniana. Lucette na mimi tulikuwa tumekwisha kupanga meza yetu kwenye banda la nyasi, juu ya ukingo, mbali kidogo kupita Msalaba wa Fays. Mikate, jibini, keki, sharubati, na divai nyeupe kwa wale ambao hawana haraka ya kufika. Kundi la kwanza huwa linatokea mapema, vijana wenye miguu mirefu wanaokula wamesimama. Kisha wanakuja watu wenye busara, kisha wazee.

Hakuja mtu.

Tulifikiri ukungu umewachelewesha. Lucette akafunika jibini kwa kitambaa. Tukasema labda mtu amepata pancha, wenzake wamemsubiri. Lakini watu zaidi ya mia mbili hawapati pancha pamoja. Ng'ombe wa Jacquemin walikuwa wanatuangalia kwenye waya, kengele zao zikilia, na hapakuwa na sauti nyingine barabarani, hata ya mnyororo mmoja. Nilianza kusema tumpigie Séverine simu. Lucette alikuwa ameshika kisu cha mkate, akaangalia vidole vyake mwenyewe.

"Rangi nyeusi," alisema.

Sikuelewa. Alikuwa ameshaingia kwenye gari. Niliingia upande wa pili likiwa linatembea.

Kwenye Msalaba wa Fays tulishuka. Mishale ya Alhamisi, yote mitatu ya kulia, ilikuwa imepigwa msalaba mweusi, kwa unadhifu, mstari juu ya mstari. Na kushoto kulikuwa na mitatu mipya, myeupe kama shuka. Sijawahi kuona mishale mizuri kama ile. Wa tatu aliuweka pale miti inapoanza, ambapo mteremko unakuwa mkali na mtu anaachia breki.

Tuliteremka kwa miguu kwa sababu barabara ilikuwa imejaa watu wanaopanda wakisukuma baiskeli zao. Mmoja alituambia kuna mtu ameumia. Chini kabisa, lami inapoingia majini, kuna utelezi wa kijani ambao kila mtu wa huku anaujua. Wa kwanza walikuwa wamefunga breki wakaanguka kidogo, wakacheka, wakarudi juu kuwaonya wengine. Lakini katikati yao alikuwa amepita mzee mmoja kwa kasi, bwana Aubertin, tarishi mstaafu wa Dole, aliyekuja kwenye Mzunguko wetu kila mwaka na kila mwaka alimletea Firmin chupa. Aliteleza, baiskeli ikaenda ziwani, yeye akaangukia nyonga kwenye ukingo wa jiwe. Walikuwa wamemtoa majini wakamfunika kwa makoti yao. Séverine alikuwa amepiga magoti ameshika kichwa chake.

Bwana Aubertin alimtambua Lucette. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta hesabu yake imeharibikia wapi.

"Nilitaka kusimama pale juu," alisema. "Niliona giza. Lakini mshale wa tatu ulikuwepo."

Lucette alichutama, akamfuta matope usoni kwa aproni yake. Séverine alimwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia maji.

Nyonga ilikuwa imevunjika vibaya. Askari walikuja wakauliza, bima ikauliza, na chama kikaitwa kukutana ukumbi wa nyuma ya baa. Mimi nilimwambia Lucette kabla ya mkutano kwamba sasa imetosha. Watu watamwonea huruma. Ugonjwa si kosa. Aseme tu kwamba mzee ni mgonjwa, wamshike mikono, waende nyumbani. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la Firmin. Alisema huruma ndiyo aliyokuwa anaikimbia miaka yote hiyo, mimi ninamletea kwenye sahani.

Alimleta Firmin mkutanoni. Hilo sikulitegemea. Alimvalisha, akamchana, akamkalisha mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote. Ukumbi ulijaa, wakiwemo watu wa chama cha Dole waliokuja kwa ajili ya mwenzao. Séverine alieleza yaliyotokea kwa sauti ndogo. Akasema hataki kumlaumu mtu, lakini bima inataka kujua, na bwana Aubertin ana haki ya kujua. Mishale ya kushoto ilichorwa na nani, na kwa nini.

Lucette akasimama.

"Mimi ndiye ninayeendesha gari," alisema. "Firmin anachora ninapomwambia. Jumamosi nilimrudisha Fays. Nilidhani Alhamisi tumekosea. Nikamwambia afute, achore kushoto. Alinibishia, nikamlazimisha. Na wewe Séverine ulitaka mtu atangulie, mimi nikakukatalia. Kwa hiyo yote ni yangu."

Hakuna mtu wa Saint-Lothin aliyeamini. Mwanamke ambaye amepita pale Fays tangu tumboni mwa mama yake, asahau ziwa liko upande gani. Nami nilijua alikuwa jikoni kwangu Jumamosi ile nzima, na watu walinigeukia kuona uso wangu. Niliufunga. Uongo ule ulikuwa na ukweli mmoja ndani yake, ule wa mtu wa kutangulia, na nadhani huo ndio uliompa Lucette nguvu ya kusema mengine. Watu wa Dole wao waliamini. Mmoja alisema kwa sauti kwamba kuna watu wanapaswa kubaki na masufuria yao. Séverine akaandika.

Ingekuwa imekwisha hapo. Lakini Firmin alikuwa anasikiliza. Siku nyingi hakuwa akifuata mazungumzo ya watu wengi, maneno yalimpita kama magari. Siku ile yalimwingia. Aligeuka kwenye kiti, polepole, akamwangalia mkewe kuanzia viatuni.

"Wewe?"

"Mimi, Firmin."

"Umewapeleka watu Cherlay?"

"Nilikosea."

"Cherlay kuna maji, Lucette. Hata mtoto mdogo anajua. Umemtia mtu majini na mishale yangu."

Alisimama, akavaa kofia yake, akatoka peke yake. Lucette akamfuata. Kutoka dirishani tuliwaona wanavuka uwanja. Kila Lucette akimkaribia, mzee anaongeza hatua.

Nilidhani kesho yake atakuwa amesahau. Alikuwa anasahau kama amekula. Alisahau jina langu, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alisahau kwamba amestaafu, akaondoka asubuhi kwenda karakana iliyokwisha kufungwa. Lakini lile halikumtoka. Sijui kwa nini. Daktari alisema jambo linaloumiza sana hukaa mahali pengine. Aliacha kupanda gari akiona Lucette ndiye anayeshika usukani. Alihamia chumba cha karakana, akalala kwenye kitanda cha kukunja, na chakula alikipokea kwangu, si kwake. Alikula kile alichopika Lucette bila kujua, nami nikibeba sufuria kuzunguka nyuma ya nyumba kama mwizi. Mgeni yeyote aliyepita alimsimamisha kwenye uzio. Mke wangu, alimwambia, ni mtu mzuri, lakini alimtia mtu ziwani. Nilimwambia ayaache hayo. Hakunisikiliza.

Na kijiji nacho kikajifanya kuamini, kwa sababu ilikuwa rahisi. Jacquemin, yule wa samadi, akikutana na Lucette kwenye duka la mkate alimuuliza leo anatupeleka wapi, atuambie mapema tuje na nguo za kuogelea. Lucette alijibu kwamba Jacquemin hajaoga tangu bwawa lijengwe, kwa hiyo maji ya Cherlay yangemfaa. Watu wakacheka. Nyumbani hakucheka. Alikwenda hospitali kumwona bwana Aubertin, amebeba jibini. Bwana Aubertin alimpokea kwa heshima, akamsikiliza, akamwambia hatapanda tena baiskeli, kisha akageukia ukutani. Lucette akaacha jibini kwenye kiti. Alisema bwana yule ana haki.

Majira ya baridi yale nilimvamia Lucette. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha na Firmin alikuwa karakana anakohoa, hataki kuingia ndani kwa sababu mkewe yumo.

"Mwambie," nilisema. "Mwambie ni yeye aliyechora. Utakufa na mzigo usio wako."

"Nikimwambia leo, kesho amesahau. Nimwambie tena? Kila asubuhi, dada, nimwamshe na habari hiyo? Firmin, amka, kunywa kahawa, umemvunja Aubertin?"

"Basi anakuchukia wewe."

"Ananichukia." Alikuwa anashona kifungo cha koti lake, koti la Firmin, na alikata uzi kwa meno. "Lakini anamchukia aliyeharibu mishale yake. Maana yake mishale bado ni yake."

Nilichukua sufuria nikaipeleka karakana.

Juni iliyofuata chama kilikuwa na vijana wawili wa kuchora, na mtu wa kutangulia alfajiri. Lakini Séverine hakumsahau mwalimu wake. Alikuja na gari lake mwenyewe, akamkuta Firmin amekaa kwenye kizingiti cha karakana, akamwambia, Mzee Grandclément, vijana hawa hawajui kulaza kibao, mshale wao wa kwanza umekaa kama kuku aliyekanyagwa. Njoo uwachoree huo wa uwanjani, wauone. Firmin alimtazama, kisha akatazama gari.

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Mke wangu haji?"

Séverine akamwangalia Lucette, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwake, upande wa pili wa ua, na ndoo ya chokaa aliyokwisha kuikoroga. Lucette akatikisa kichwa.

"Haji," Séverine alisema.

Firmin akanyanyuka. Alivuka ua hadi mlangoni, akachukua ndoo kutoka mkononi mwa mkewe, akaichungulia kuona kama chokaa ni nzito ya kutosha. Ilikuwa sawa. Kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule alimsemesha.

"Wewe kaa hapa," alimwambia, si kwa ukali. "Kuna watu huko barabarani."

Akaingia kwenye gari, ndoo katikati ya magoti. Séverine aliendesha taratibu kupita mbele yetu, na mzee alikuwa anaangalia mbele, mgongo umenyooka, kofia imekaa vizuri. Lucette alisimama mlangoni mpaka gari lilipopinda kwenye kanisa. Kisha akaingia jikoni, nami nikamfuata, maana mikate ilikuwa haijakatwa.

"Amevaa soksi mbili tofauti," alisema. "Sikumwangalia miguuni."

Akanipa kisu kingine, kile kizuri, akabaki na butu.

Firmin alikufa mwezi wa Machi uliofuata, na chama kizima kilikuja na baiskeli zao hadi makaburini. Watu walisema ameondoka akiwa mchora mishale, na ni kweli. Lucette alitembea nyuma kidogo ya jeneza, mahali ambapo mjane wa kwetu hatembei, na nilipomvuta mkono aje mbele alikataa. Alisema Firmin asingependa.